Garanti Ambayo Zacharie Hakuomba

Zacharie na mkewe Kavuo walikimbia vita Kalunguta, wakapanga chumba kimoja mjini Butembo, mashariki mwa Kongo. Walikuja na mbuzi watatu tu. Zacharie aliwauza wote, akanunua sokoni paneli ya jua na betri kwa dola mia na hamsini.

Baada ya wiki sita betri ilikufa. Zacharie alirudi sokoni, lakini muuzaji alikuwa amehama. Wakawasha tena taa ya mafuta. Jioni moja taa hiyo ilianguka, ikamwunguza binti yao Bénite mkono wa kuume. Vidole viwili vilikunjamana, havikunyooka tena.

Tangu siku hiyo Zacharie alishinda ameegemea ukuta, macho chini.

Jirani yao Nasiba, fundi wa umeme wa jua, alikuja kuifungua ile betri.

“Baba Bénite, hii ni ya zamani. Balibandika lebo mupya tu. Balikupatia facture, karatasi ya malipo?”

“Hapana.”

“Na garanti, karatasi ya kukubadilishia ikiharibika?”

“Sikuomba, mama. Nilizania mutu akiuza kitu, kiko muzuri.”

Kavuo akasema polepole, “Hatuna tena kitu, mama Nasiba. Hata mbuzi moja.”

“Kuna kulipa kidogo kidogo.”

“Tuache,” alisema Zacharie. “Jua si ya bamaskini.”

“Jua ni ya bote. Bei ndiyo inatushinda. Lakini kuna mradi unasaidia bamaskini kulipa. Kit, ni kusema paneli, betri na taa tatu, ni dola mia na makumi mbili. Mradi unatoa makumi ine. Inabakia makumi munane. Munatoa kumi na tano mbele, kisha tano kila mwezi, miezi kumi na tatu. Ukikosa kulipa, taa zinajizima mpaka ulipe. Uliza bei yote mpaka mwisho, na garanti ikuwe ya kuandikwa.”

Kavuo aliuza vitenge vyake vya arusi, wakapata zile dola kumi na tano. Walikwenda kwenye ofisi ya mradi, Zacharie akauliza bei yote na kuomba garanti ya kuandikwa, wakaandikwa jina. Walingoja miezi miwili. Hatimaye Nasiba akaja kufunga taa. Sasa majirani hulipa kuchaji simu kwao, na pesa hiyo husaidia kulipa kila mwezi.

Siku taa zilipowaka kwa mara ya kwanza, Bénite alifungua daftari. Alishika kalamu kwa mkono wa kushoto. Herufi zake zilipinda. Zacharie alizisoma zote, moja moja, kisha akatoka nje ili mtoto asimwone akilia.