Shingo za Uyoga

Uyoga ulikuwa umerefusha shingo, na jambo hilo halikupaswa kutokea.

Yeyote aliyewahi kuotesha uyoga ndani ya nyumba anaijua kanuni hii: penye hewa safi, kofia hutanuka na shina huwa fupi; penye pumzi nyingi iliyofungiwa, shina hurefuka na kofia hudumaa ikawa kama kichwa cha kijiti cha kiberiti. Mama Chiriku aliijua vizuri. Kwa hiyo asubuhi ile, alipouona uyoga wake umechomoza kwenye mifuko ya maranda ukiwa mwembamba kama vidole vya mgonjwa, alifungua madirisha yote na kuuzuia mlango kwa tofali usijifunge.

Kesho yake ulikuwa mrefu zaidi.

"Baba Chiriku," alimwita mumewe, seremala aliyekuwa akimletea hayo maranda. "Hebu njoo. Humu ndani kuna kitu kinapumua."

"Ni wewe unayepumua, mke wangu. Tena kwa kelele."

"Sitanii."

Mume akaingia akicheka, na kicheko kikamfia mdomoni. Chumba kilinuka kama kinywa cha mtu aliyelala muda mrefu. Wote wawili wakabana pumzi, wakasikiliza. Na katika ukimya ule, kutoka nyuma ya safu ya mwisho ya mifuko, ambako hapakuwa na kitu ila ukuta, ikasikika pumzi ikivutwa polepole, ikakaa, ikashushwa, ikavutwa tena, na kila iliposhuka shingo zote za uyoga ziliinama kwa pamoja kuelekea chumba cha pili, chumba alimolala binti yao.

Binti huyo walimwita Chiriku kwa kuwa hakujua kunyamaza. Sasa alikuwa amenyamaza. Kifua kilimbana, dawa za zahanati hazikumfaa kitu, na alipowatazama wazazi wake ilikuwa kana kwamba anaomba hewa kwa macho.

Mganga waliyemwita, bibi kizee asiyependa maneno mengi, alikataa kiti. Alichuma shina moja, akalinusa, akalitupa.

"Mbegu hii umeitoa wapi, mwanangu?"

"Msituni, bibi. Kwenye gogo lililooza."

"Ulibakisha?"

Mama Chiriku akainamisha kichwa. Waokota uyoga hubakisha walau shada moja. Yeye, kwa uzuri wa uyoga ule, alilikwangua gogo zima hadi likabaki tupu.

"Basi mwenye gogo amekosa pa kukaa, amekufuata. Na jini huyu hana pumzi yake. Huazima."

Wakairudisha mifuko yote msituni, wakaipanga juu ya gogo. Mganga akafukiza, akasema kwa sauti ya chini, "Chukua chako, utuachie chetu." Waliporudi, chumba cha uyoga kikapakwa chokaa. Kisha mganga akatundika mfuko mmoja wa mbegu ya dukani katika chumba cha mtoto, akaamuru dirisha lizibwe kwa magunia.

"Mtoto alale humu humu. Shina likifika urefu wa kidole, hiyo ni pumzi yake peke yake. Likizidi, wanapumua wawili, niiteni."

Hakuna aliyeuliza itakuwaje likipungua.

Chiriku akapona. Kukohoa kukakoma, maswali yakarudi kama mvua: kwa nini kuku hana meno, nani alimfundisha konokono kubeba nyumba. Seremala alikwenda kulia uani, akisingizia vumbi la mbao.

Uyoga ulipochomoza, mama aliingia akiogopa kukuta shingo ndefu. Akakuta kofia pana kama visahani, zimekaa juu ya mfuko karibu bila shina.

"Umeona?" mumewe akanong'ona kwa furaha. "Mfupi! Ameondoka!"

Mama Chiriku alitazama magunia dirishani, akatazama kitanda ambacho mwanawe alikilalia usiku wote katika chumba hicho kilichozibwa, akautazama tena uyoga ule mnene, mzuri, ulioota kama unavyoota mahali pasipo na mtu.

Kitandani, Chiriku alikuwa akiuliza maswali, moja likishika mkia wa jingine, bila kituo.

Mama akasogea, akaweka kiganja mbele ya mdomo wa mwanawe.

Maneno yalitoka. Hewa haikutoka.