Jani Lililofichwa Mfukoni

Nyumbani walimwita Kibiriti, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Kila alasiri, akishavua sare ya shule, alichovya jani moja la mchicha wa sokoni kwenye maji ya moto mpaka lilegee, akalipoza, kisha akalitumbukiza katika tangi la kioo lililokaa karibu na cherehani ya mama. Kamba wake wekundu, wadogo kuliko kidole chake cha mwisho, walilivamia jani hilo kwa vijiguu vyao. Kabla ya kulala aliyatoa mabaki yasije yakaoza.

Mdogo wake, Kifungo, alikuwa akiomba awalishe hata mara moja tu. Jibu lilikuwa lile lile: "Na hiyo mikono yako michafu? Thubutu."

Siku moja Kibiriti alirudi akakuta kamba wakirukaruka ovyo majini. Watatu walikuwa wamekwisha kufa. Jike mmoja, aliyebeba mayai chini ya tumbo, alikuwa amelala ubavu akitetemeka. Kibiriti alikuwa akiyalinda mayai hayo kama mboni ya jicho lake.

"Umewafanya nini kamba wangu?" alimgeukia Kifungo.

"Sijawagusa."

"Mwongo mkubwa. Umetia sabuni?"

"Sijatia."

"Sema, au mpira wako nautumbukiza chooni leo hii."

Alimshika ukosi, akamtikisa, akamtupia maneno yote makali aliyoyajua. Kifungo alizidi kukaza midomo. Mama, aliyekuwa akishona gauni la mteja, aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Kibiriti, toka nje."

"Mwenye kosa abaki ndani, mimi ndiye nifukuzwe?"

"Nimesema toka."

Alitoka akiubamiza mlango. Mama alimvuta Kifungo karibu. "Mwanangu, hao viumbe wanakufa. Sikuchapi. Ulifanya nini?"

Kifungo aliingiza mkono mfukoni, akatoa jani la mchicha lililokunjamana. "Nililichuma bustanini. Nilitaka niwaone wakilizunguka. Walipoanza kurukaruka, nikalitoa."

"Bustani ambayo baba yako ameipulizia dawa ya wadudu asubuhi?"

Kifungo aliangua kilio.

Mama alimwita Kibiriti, wakaanza kazi. Walinyonya maji ya tangi kwa mpira mwembamba wa maji, wakaongeza polepole maji yaliyotuama kwenye ndoo tangu jana, maana maji yanayotoka bombani moja kwa moja huwadhuru kamba. Wakiwa katikati ya kazi, wengine wawili walikufa.

"Umeona sasa?" Kibiriti alimfokea mdogo wake. "Ukisogelea tena tangi langu..."

"Bado unaendelea?" Mama naye sasa alikuwa amekasirika kweli. "Wale watatu wamekufa kwa dawa. Hawa wawili huenda tungewaokoa, lakini wewe ulikuwa unapiga kelele na huyu anaficha jani. Kifungo, ungesema mapema, tungewahi. Na wewe, kwa ukali huo, nani angethubutu kukwambia ukweli? Hasira hasara, mwanangu. Hasara yenyewe hiyo hapo, imelala chini ya tangi."

Kibiriti alilia kwa hasira, kisha akalia kwa huzuni, huku akiendelea kumimina maji.

Jioni yule jike alisimama tena kwa miguu yake. Mayai yalikuwa bado yapo.

Siku chache baadaye, maji yalipotulia, Kibiriti alibandika sufuria jikoni akiwa bado amenuna. "Kifungo, kanawe mikono. Suuza mpaka harufu ya sabuni iishe."

Kifungo alirudi, akanyoosha mikono. Kibiriti aliinusa yote miwili, kisha akampa jani.

"Na akikosea tena?" mama aliuliza, macho yakiwa kwenye sindano.

"Ataniambia."

"Na wewe je?"

Kibiriti aliinama kumtazama yule jike. "Nitakasirika. Lakini kwanza nitabadilisha maji."

"Haya. Kukasirika sijakukataza," mama alisema. "Ila usimtishe mtu mpaka aone afadhali kudanganya."