Mpangaji wa Chumba cha Nyuma

Mtaani Bwaise mvua ikinyesha usiku, asubuhi ni kazi ya kufagia maji. Aciro alikuwa akiyasukuma nje ya mlango kwa ufagio alipoona viatu vyekundu vimesimama mbele yake.

"Hapa ndipo kwa marehemu afande Ocaya?" aliuliza mwenye viatu. "Mimi Ajwang, shangazi yake Odera. Nimeshuka basi la Kisumu sasa hivi."

Aciro akaweka ufagio kando. Odera alikuwa mchumba wake, Mkenya muuza vipuri mjini. Wazee wake wangeleta posa baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi. Lakini shangazi hutangulia bila taarifa, aione nyumba kabla haijapambwa.

Joska, mama yake Aciro na mjane wa Ocaya, alimkaribisha mgeni chai. Ajwang hakuzungusha maneno.

"Dada, sisi nyumba zote tunauliza. Kwenu kuna kifafa? Kuna wazimu?"

"Hakuna," Joska alijibu haraka.

Papo hapo Ojera, kaka yake Aciro, akatoka chumba cha nyuma. Alishika kopo la dawa. Alikuwa akitafuta maji ya kunywa.

"Na huyu?" Ajwang aliuliza.

"Huyo? Huyo ni mpangaji tu," alisema Joska.

Ojera alimtazama mama yake. Kisha akamtazama Aciro. Aciro aliinamisha kichwa, akakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka.

"Samahani, mama mwenye nyumba," Ojera alisema taratibu. "Nilitaka maji tu."

Akarudi ndani bila maji.

Ojera alikuwa na ugonjwa wa akili uitwao bipola. Kuna majuma alipanda juu mno: hapati usingizi, anaongea bila kituo, anaanza kazi kumi kwa siku moja. Kisha alishuka chini mno, hata kunawa uso kukamshinda. Dawa zilikuwa zimemtuliza miaka miwili. Alichomelea madirisha ya chuma, na watu walimsifu.

Baba yao aliumwa vivyo hivyo. Wazee wa kwao Gulu walisema ni cen, roho za waliokufa vitani, zimemfuata askari. Alifanyiwa matambiko. Hakupelekwa hospitali hata mara moja, mpaka wakamzika.

Baada ya mgeni kuondoka, Ojera aliacha dawa.

"Mpangaji ataumwaje ugonjwa wa ukoo?" alisema, akicheka.

Siku ya nne usingizi ulikuwa umemtoroka tena. Siku ya sita aligawa vifaa vyake vya kazi kwa wapita njia, huku akiimba. Joska alipomshika mkono alimsukuma, mama akaanguka matopeni. Majirani walisaidia. Wakampeleka kliniki.

Nakhisa, muuguzi wa pale ambaye wagonjwa walimwita musawo, yaani daktari, alimtibu Ojera mpaka akapata usingizi. Kisha akaketi na mama na binti kwenye benchi.

"Musawo, niambie ukweli," alisema Joska. "Ni cen? Au ni damu mbaya ya baba yake?"

"Mama, mnaishi wapi?"

"Bwaise."

"Basi mafuriko mnayajua. Mtaro mmoja ukiziba, nyumba inajaa maji?"

"Mmoja? Hapana. Mpaka izibe mingi, na mvua iwe kubwa."

"Ndivyo ilivyo. Kila mtu hurithi maelfu ya tofauti ndogondogo za vinasaba kutoka kwa wazazi wake. Nyingine huongeza hatari ya bipola, kidogo sana kila moja. Mimi ninazo baadhi, na hata huyo mgeni wenu anazo. Mtu akikusanya nyingi, ni mitaro mingi iliyoziba. Halafu inakuja mvua: msiba, bangi, kukosa usingizi. Hakuna damu mbaya hapo, mama. Hakuna mwenye kosa."

Aciro alimeza mate. "Na mimi, musawo? Na watoto nitakaowazaa?"

"Katika watu mia, mmoja au wawili huupata. Aliye na mzazi au ndugu mgonjwa, hatari yake ni kubwa zaidi: labda watano hadi kumi katika mia. Wanaobaki ni wangapi?"

"Tisini. Na zaidi."

"Hao hawaupati. Na watoto wako, usipoumwa wewe, hatari yao ni ndogo zaidi."

"Hakuna kipimo cha damu kitakachoniambia?"

"Bado hakuna. Ukiona usingizi umekukimbia siku mbili tatu na mwili hauchoki, usingoje. Njoo. Na kaka yako asiache dawa ghafla. Aliziacha kwa nini?"

Joska alijifunika uso kwa kitenge.

Ojera alipoamka siku ya pili, Aciro alikuwa kando ya kitanda.

"Ulikoroga chai," Ojera alisema.

"Nisamehe, kaka. Wakija, utakaa mezani. Chai yako nitakumiminia mimi, mbele yao."

"Watakuacha."

"Utakaa mezani."

"Usiahidi, Aciro."

"Nimekwisha kuahidi."

Jumamosi ya posa wageni walikuja watano, Odera na shangazi yake wakiwamo. Ojera alikuwa amekonda. Aciro alimshika, akamketisha.

"Si mpangaji huyu?" Ajwang aliuliza.

"Ni kaka yangu, Ojera. Tulikudanganya, shangazi. Ana bipola, na anatibiwa. Baba yetu pia aliugua."

Ajwang alisukuma kikombe chake mbali.

"Ningejua, nauli yangu ningeiacha mfukoni," alisema. "Wazee, twendeni."

Bahasha ya posa ikarudi ndani ya koti la mzee mmoja. Odera alibaki mlangoni.

"Aciro, nipe muda niongee nao."

"Chukua muda wako," alisema Aciro. Hakujua kama angemwona tena.

Joska alilia kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akaenda chumba cha nyuma. Alirudi na kopo la dawa, akaliweka mezani, karibu na sukari, mahali ambapo kila anayeingia angeliona.

"Mwanangu," alimwambia Ojera, "saa ya dawa imefika."

Aciro akashika birika. Chai ikachuruzika kwenye kitambaa cheupe cha wageni. Akaendelea kumimina mpaka kikombe cha kaka yake kikajaa.