Ramani Iliyochorwa Kitandani

Mambo yaliharibika Jumanne ya wiki ya tatu ya muhula, saa nne na robo asubuhi, kwenye kona ya soko la zamani. Hadi hapo siku ilikuwa kama siku zote. Baba, fundi viatu aliyefiwa na mkewe miaka miwili iliyopita, alichemsha chai huku akiwalaumu wakubwa wa jiji kwa maji yaliyokatika, kisha akamhimiza bintiye awahi shule. Binti huyo mtaani walimwita Kiguu, kwa kuwa alikuwa kiguu na njia tangu alipojua kutembea.

Darasa lao lilikuwa limepewa kazi. Kila mwanafunzi atembee kutoka bandarini hadi stesheni, achore ramani ya wauza chakula wa mjini, na aandike nani anafunika chakula chake na nani ana maji ya kunawa. Ramani bora ingeongoza ziara ya darasa. Ilichaguliwa ya Kiguu, na sasa watoto thelathini na wawili walikuwa wakiifuata, matumbo matupu, kwa maana walikuwa wameagizwa waje kula hukohuko.

Mahali palipoandikwa "Bibi wa maharage, ndoo ya maji, sabuni" palikuwa na ukuta wa mabati mapya. Kiguu aliigeuza ramani juu chini. Labda ni kona ya pili. Kona ya pili yalikuwa yameegeshwa magari. Mkaanga samaki hayupo, muuza uji hayupo. Barabara ni ileile, kinyozi ni yuleyule, lakini harufu ya vitunguu imekwenda wapi? Alihisi kama mtu ameugeuza mji mzima mithili ya godoro.

"Kiongozi, leo tunakula mabati?" aliuliza mvulana waliyemwita Tumbo. Wenzake wakaangua kicheko.

Mtoto mdogo kuliko wote hakucheka. Alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, midomo imemkauka. Mwalimu alimwinamia, kisha akamgeukia Kiguu.

"Mwanangu, ulipita hapa lini?"

Jibu la "juzi" lilikuwa tayari mdomoni. Kiguu akamtazama yule mdogo, likamshinda kutoka.

"Sikupita, mwalimu. Niliichora kitandani. Nilidhani najua kila mahali."

Kicheko kikakatika. Mwalimu hakumgombeza. Alimpa penseli na kumwambia aulize njia. Mchukuzi wa mizigo aliwaelekeza nyuma ya maghala, akisema wapishi wote walihamishiwa huko wiki iliyopita, kwa amri kutoka juu. Wakawakuta wamebanana vumbini, kila mmoja akipepea moto wake. Bibi wa maharage alimpakulia mdogo kwanza, rangi ikaanza kumrudia usoni.

Kiguu aliuliza habari za ndoo. Bibi alimwonyesha: ipo, lakini kavu. Bomba lilibaki kule walikotolewa, mwendo wa nusu saa. Watoto wakanawa kwa maji ya chupa zao, tone kwa tone. Kiguu akafuta maneno "ndoo ya maji", akaandika "hakuna".

Jioni alimsimulia baba yote, bila kuficha. Baba alishona kiatu hadi mwisho wa mstari ndipo akasema.

"Umekosa, mama. Ukisema unapajua mahali ambapo hukukanyaga, mwingine ndiye anayeshinda njaa. Lakini umekiri mbele ya wenzako, na hilo si jambo dogo. Kesho kapite tena, hatua kwa hatua."

Kisha akaweka kidole kilichojaa gundi juu ya lile neno "hakuna". "Na waliowahamisha hawa nao walikuwa na ramani," akasema. "Tena yao ina mihuri."

Ijumaa, Kiguu na mwalimu waliipeleka ramani mpya ofisi ya jiji. Chini yake Kiguu alikuwa ameandika swali moja. Karani alilisoma mara mbili, akakuna kichwa, akaliingiza kwenye jalada. Muhula umekwisha, bibi bado anabeba ndoo, na swali lingali humo: "Aliyechagua mahali hapa, alipita kwa miguu?"