Nadhiri ya Kimya

Kabla ya alfajiri, komeo la mlango liligonga. Ka! Kimya kidogo. Ka!

Mama mzee alisikia akiwa kitandani. Miguu yake ilikuwa imepooza. Hakuweza kwenda kuangalia.

"Mwanangu, umeshafunga. Rudi ulale."

Binti yake alilijaribu komeo mara nyingine.

Binti huyu alikuwa fundi cherehani. Majirani walimwita Redio, maana alizungumza hata akiwa na pini mdomoni. Sasa hakuzungumza wala hakushona.

Alikuwa amekwenda kuhiji mahali patakatifu kwa miguu, peke yake, kumwombea mama yake apone. Aliweka nadhiri ya kutosema neno mpaka afike. Mahujaji wa nadhiri hiyo hufunga kitambaa cheupe mkononi, ili watu wasiwasemeshe. Alizima simu. Hakumwambia mtu atapita njia gani. Alirudi bila kufika, bega limechanika.

Asubuhi alikuja muuguzi wa zahanati kubadilisha bandeji. Alinawa, kisha akasugua viganja vyake vipate joto, asimshtue mgonjwa.

"Redio bado haina betri?" alitania.

Hakuna aliyecheka.

"Nisamehe, dada. Nimekosea."

Binti alitazama sakafu. Halafu akasema polepole, "Mwanamume mmoja alinifuata tangu kisima cha njiani. Alikiona kitambaa. Alijua sitapiga kelele."

"Hukupiga?"

"Ng'ambo ya ua wa shamba kulikuwa na wanawake wakipalilia. Niliwasikia wakicheka. Akanivuta kichakani, nikanyamaza. Niliogopa nikifungua mdomo, mama hatapona. Mbwa wao akabweka, ndipo akakimbia na mkoba wangu."

Mama mzee aligeukia ukuta. "Heri ningekufa kabla hujaondoka."

Muuguzi alimshika mkono bibi yule, huku akimtazama binti.

"Kosa ni la mwanamume yule. Si lako, wala si la mama. Ila usinyamaze tena. Mungu hakukutuma uumizwe. Ukiwa hatarini, piga kelele."

"Basi nisitoke tena?"

"Utoke, ukitaka. Tafuta wenzako wa kwenda nao. Waambie wa nyumbani mtapita wapi na mtalala wapi. Simu iwe wazi. Mtu akikufuata, usikate njia ya vichakani. Nenda walipo watu, useme kwa sauti kwamba anakufuata."

"Na akinishika hata hivyo?"

"Inatokea. Bado kosa litakuwa lake. Uje zahanati siku hiyo hiyo, na polisi tutakwenda pamoja."

Siku ile walikwenda polisi. Askari aliandika maelezo, lakini mtu yule hakupatikana. Kwa muda mrefu komeo liliendelea kugonga alfajiri.

Bega lilipopona, wateja wake wawili walikuwa wanakwenda kuhiji. Binti alifuatana nao, bila kitambaa. Kila walipopumzika alimpigia mama yake simu. Karibu na kisima kile, mwanamume mmoja alianza kuwafuata nyuma. Wao wakisimama, naye anasimama. Binti akapaza sauti kuelekea shambani:

"Mama zangu! Huyu mtu anatufuata!"

Wanawake walitoka na majembe yao. Mtu yule akageuza njia. Mmoja wao aliwasindikiza mpaka barabara kubwa, akiwa bado na matope miguuni.

Binti alifika. Aliomba. Akarudi nyumbani.

"Nimefika, mama. Nimekuombea."

Mama mzee alijaribu kusogeza mguu. "Huu bado haujasikia maombi yako," alisema. Wakacheka kidogo, kisha wakalia, kila mmoja akimfuta mwenzake machozi.

Jioni muuguzi alipita. Alilitazama bega. Halikuhitaji bandeji tena. Cherehani ilikuwa inalia chumba cha pili. Aliaga, lakini mama mzee alimshika upindo wa gauni.

"Uje tena, mwanangu. Usingoje mpaka mtu aumie."