Sakafu ya Karafuu Si Duka

Asubuhi Mwanapili alijitwika karafuu zake mbichi, akaenda kuzianika kwenye sakafu ya shehia, kama kila msimu. Akakuta uzio. Mlinzi akamwambia sakafu imekodishwa kwa mwekezaji: asiyelipia jamvi haaniki.

Mwanapili alichemka. Kokoto za sakafu ile walizibeba wao wanakijiji, vichwani. Na karafuu hazingoji mtu. Zikilala zimelundikana huvunda. Hizi ndizo za kumpeleka binti yake Samiha chuoni.

Alirudi akifoka, akazitandaza uani, baina ya vumbi na kuku. Zilizobaki zilikosa pahala. Mumewe Himid akamwambia dunia ya leo ni biashara tu, wao wafanye nini.

Jirani yao Bi Asma, aliyewahi kuwa diwani, alimsikia akacheka.

"Himid, mkutano wa sakafu uliitwa. Weye ulikuwa wapi?"

"Juu ya mkarafuu."

"Na wenzio wote vilevile. Sheha akauliza nani anapinga. Angejibu nani, kunguru?"

Mwanapili alitamani kumkung'uta mumewe kwa jamvi. Yeye pia hakwenda, lakini hilo hakulitaja. Akamuuliza Bi Asma kama basi biashara ni dhambi.

"Si dhambi, mwanangu. Ina pahala pake. Ila sokoni husikilizwa mwenye mkoba mnene. Mkutanoni mtu mmoja, sauti moja, hata kama hana kandambili. Mali ya wote ikiamuliwa kisoko, mwenyeji hugeuka mgeni kwao."

Akaeleza kuwa mkataba haujatiwa saini, uzio umetangulia tu. Wananchi wakidai mkutano mwingine, sheha hatakataa.

"Msimu huu nani atakuja?" Himid aliguna.

"Basi mkutano utufuate sisi," alisema Mwanapili.

Jioni, majirani walikusanyika barazani kwake kuchambua karafuu, kuzitoa kwenye makonyo, vile vijiti vyake, kama ilivyo desturi. Sheha na mwekezaji wakaalikwa, wakapewa mkeka, na kila mmoja rundo lake achambue. Maneno yalikuwa makali, lakini hakuna aliyeondoka. Kazi ilikuwa haijesha. Mwisho wakaafikiana mwekezaji ajenge ghala pembeni, alikodishe. Sakafu ibaki ya wote.

Sheha akaomba kura. Mikono ikapanda, imeshika makonyo. Himid alinyanyua yote miwili.

"Shusha mmoja," Bi Asma akamwambia. "Hapa si sokoni."

Kulipokucha uzio uling'olewa. Mwanapili akatandaza jamvi lake katikati ya sakafu, na jua likazipiga karafuu za Samiha bila kumuuliza mtu risiti.