Simu Kumi na Moja

—Tamka sasa, Karim. Familia yote iko hapa. Tamka ile neno, tumalize.

Aliyesema ni Asia, dada mkubwa wa Karim. Swala ya Ijumaa ilikuwa imekwisha muda si mrefu, na sebule ya Karim mtaani Manika ilijaa ndugu. Baba mkubwa Abedi ndiye aliyeongoza kikao. Rachida, mke wa Karim, alikaa chini kwenye mkeka, simu mkononi chini ya mtandio.

Siku arobaini na mbili zilikuwa zimepita tangu binti yao Salima, mtoto wa miaka minne, afariki kwa malaria. Leo mumewe Karim, dereva wa lori la kwenda mpakani Kasumbalesa, alikuwa amewaita watu washuhudie akimwacha.

—Mbele ya kutamka, nataka kusikia bibi, Abedi akasema. Rachida, banasema ulikawia kupeleka mutoto ku hôpital.

—Hapana, baba mukubwa. Asubuhi homa ilipanda, nikamubeba ku pikipiki ya taxi-moto palepale.

—Bongo! Uongo mutupu! Asia akadakia. Ulikuwa ku soko na bitenge byako! Hata bwana yako haukumuita. Karim mwenyewe alituambia telefone yake haikulia.

Rachida akainua macho kumtazama mumewe. Karim akatazama sakafu.

Kidole cha Rachida kilikuwa juu ya kioo cha simu. Humo mlikuwa na simu kumi na moja alizompigia Karim siku ile, na ujumbe wake:

"Karim, itika. Tuko ku hôpital. Mutoto anatetemeka."

"Banatafuta damu. Niko peke yangu. Nakuomba, itika."

Chini ya kila ujumbe kulikuwa na alama mbili za bluu. Karim aliusoma wote. Rachida alilijua hilo tangu siku ya msiba. Kuinyoosha tu hiyo simu kwa baba mkubwa, na Asia angemeza ulimi wake.

—Ulimuita, hukumuita? Abedi akauliza.

Rachida akaigeuza simu, kioo chini, akailaza mkekani.

—Mi nilifanya yenye niliweza, baba mukubwa. Ingine Mungu anajua.

—Munaona? Hana jibu! Asia akapiga makofi.

—Karim, sema basi, Abedi akahema.

Karim akasimama.

—Rachida, we...

—Ngoja, Rachida akamkata. Kama unataka kuniacha, uniache. Lakini usiseme ni juu ya Salima. Usimutie mutoto mu hii maneno.

Karim akarudi kitini.

—Ililia, akasema.

—Nini ililia? Asia akauliza.

—Telefone. Ililia mara kumi na moja. Nilikuwa Likasi mu njia, nakula na benzangu. Mbele ya safari Rachida aliniambia mutoto iko na moto mu mwili, nisiende. Nikasema ni mayele, ujanja wa kunifunga ku nyumba. Tukagombana. Njo maana nilikataa kuitika. Mesaji nilisoma, nikasema ni mayele tu.

—Karim! Abedi akanguruma. Na ukaleta bantu hapa bahukumu bibi yako?

—Kila nikimuangalia, ile telefone inalia mu kichwa. Nilifikiri akitoka mu nyumba, itanyamaza.

Asia akajifunika uso. Rachida akainuka, akatoka uani bila kumtazama mtu. Karim akamfuata mbio.

—Ulijua? Siku hizi zote ulijua?

—Nilijua.

—Sasa juu ya nini haukusema?

—Siku mutoto anakata roho, nilisema inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Niliogopa nikifungua kinywa tena, itatoka neno yenye sitaweza kurudisha. Nikamuomba Mungu, leo nisiseme. Kesho tena nikaomba hivyo. Usifikiri haikuuma, Karim. Niko na hasira mingi na we.

—Kama ningeitika, angepona...

—Hapana. Damu ilipatikana, alitiwa, akaenda tu. Siku yake ilifika. Mi sikukuita uokoe mutoto. Nilikuita nisikuwe peke yangu.

Karim akalia kama mtoto, kichwa ukutani. Rachida hakumshika. Alisubiri hadi kilio kikapungua.

—Sitakuacha, akasema Karim. We, unaniacha?

—Sijui bado. Uniache nijue pole pole. Uliisha kumuona Salima ku kaburi?

Karim hakuwa amemuona. Siku ya mazishi alifika watu wameshazika, na tangu hapo hakuthubutu kwenda.

—Sijui hata ni wapi, akanong'ona.

—Vaa viatu.

Walikwenda kwa miguu hadi makaburini, Rachida mbele, Karim hatua tatu nyuma. Mbele ya tuta dogo la udongo mwekundu Rachida akasimama, akasogea pembeni.

—Musalimie mutoto wako.

Karim akachuchumaa.

—As-salamu alaykum, Salima. Ni papa yako. Nilichelewa.

Hapo ndipo Rachida, ambaye mbele ya watu hakuwa amelia tangu mazishi, alipoachia kilio chake chote. Akakaa udongoni kando ya mumewe, na Karim alipotafuta mkono wake, hakuuondoa.